Barua Iliyoitangulia Nyumba

Tangu nirudi sijapumzika. Nikipita gereji naulizwa, nikienda kanisani naulizwa, hata kinyozi alisimamisha wembe shingoni mwangu akataka kujua ile nyumba niliifikisha au ilinishinda njiani. Na wawili kati yenu, ambao sitawataja maana watanuna, wamenunua karavani kama yangu, nyumba ya magurudumu, pale kambini, wajenzi wa barabara walipofungasha virago. Sasa wanataka niwaambie inakokotwaje, inalindwaje, na mtu asiye na anwani anapataje barua zake. Haya, nitasema yote. Ila mjue kwamba sikwenda kutalii. Nilikwenda kumfuata mke wangu.

Wengi wenu mnaijua nusu ya habari, na nusu hiyo mmeitia chumvi. Ukweli ni huu. Mwaka juzi, mwezi wa sita, mama mkwe alianza kuugua miguu kule Kabwe, ziwani. Mke wangu, Mama Neema, akaniomba twende wote tukakae naye. Kazi nilikuwa sina, nilikuwa nimeshapunguzwa pamoja na nyie, kwa hiyo kisingizio changu kilikuwa kimoja tu: nitalala wapi? Nyumba ya mama mkwe ina vyumba viwili, na mimi nimelelewa kwetu Rungwe kwamba mwanamume halali chini ya paa la mkwewe. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa nilimwamkia yule mama nikiwa nje ya ukuta, naye akaitikia akiwa ndani. Mama Neema alisema tutajua hukohuko. Nikamjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni: kama unampenda mama yako kuliko nyumba yako, basi kaa naye. Akafunga mzigo, akaenda. Miezi minane sikupata hata mstari.

Ndipo nikaiona ile karavani. Ina kitanda, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa, madirisha matatu yenye mapazia. Nikasema jibu ndilo hili. Nitalala kwangu, nje ya ua wa mkwe, na heshima yangu kamili. Nikamwandikia Mama Neema kwamba nakuja na nyumba. Nikamwambia anijibu kwa sanduku la Mwaisaka, ndugu yetu wa kanisani, karani wa serikali anayekaa Chanji pale Sumbawanga, kwa sababu mtu aliye njiani hana sanduku. Akisema njoo, nitasonga mbele. Akisema usije, au nikikuta hakuna kitu, nitageuza gari nirudi nisimsumbue tena. Barua nikaitia posta, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa kusikiliza maneno ya watu nusunusu.

Mbeya mpaka Tunduma

Ushauri wa kwanza, nao nimeulipia kwa jasho: uzito ukae mbele. Nilikuwa na magunia mawili ya mchele wa Kyela, zawadi ya mkwe, nikayalaza nyuma chini ya dirisha kwa kuwa yalienea vizuri. Kuteremka Mbalizi tu, nyumba ikaanza kutikisa mkia. Ukiona hivyo usikanyage breki, utajikuta mtaroni na nyumba juu yako. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuupigania, acha mwendo ufe wenyewe. Nilisimama kando, nikayasogeza magunia mbele ya ekseli, na toka hapo ikanifuata kwa adabu.

Ushauri wa pili: kubali kuwa wewe ni wa polepole. Malori yanakupita, mabasi yanakupita, na kuna mwendesha baiskeli mmoja karibu na Vwawa alinipita mara tatu kwa sababu kila akinipita anasimama kunitazama. Mwanzo niliona aibu. Baadaye nilianza kuipenda hali ile, milima inasogea taratibu, moshi wa jikoni za watu unapanda, na nyuma yangu kwenye kioo kidogo nauona mlango wa kwangu ukinifuata. Sijui kama mmewahi kuliona jambo hilo, mlango wa nyumba yako unakufuata barabarani. Linakulegeza mwili, unakuwa kama mtu aliyeamka lakini bado yuko kitandani.

Tunduma vijana walinizunguka wakiuliza hii ni ya chama gani, maana vyama vingi vilikuwa vimeingia na kila gari geni lilidhaniwa limeleta mkutano. Nikasema si ya chama, ni nyumba yangu. Mmoja akaniambia, poa mzee, basi tupe kofia. Mama mmoja yeye alinyoosha mkono dirishani akitaka sukari nusu kilo, kwani siku hizi kila tundu lenye dirisha ni duka. Nilimpa kikombe cha sukari yangu mwenyewe akaenda zake ameridhika.

Tunduma mpaka Laela

Ukiiacha Tunduma na kupanda Ufipa, unaingia nchi nyingine. Miti inapungua, mbingu inazidi. Nyasi zinalala upande mmoja na upepo wa baridi unapita juu yake siku nzima bila kugongana na kitu. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua asubuhi, mvua alasiri, na katikati jua jepesi. Nikiamka nilikuwa nakaa kidogo kabla ya kufungua pazia, maana sikujua dirisha litanionyesha nini. Siku moja ng'ombe, siku moja ukungu mtupu mpaka nikadhani tumeelea.

Laela niliegesha kando ya kijiji, nikaweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Msitegemee jeki peke yake, ardhi ikilowa jeki inazama. Nilikuwa naosha sufuria alipokuja mzee mmoja na daftari kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye ngazi yangu bila kuambiwa. Alikuwa Mzee Kasto, balozi wa nyumba kumi. Vyama vimekuja vingi lakini kule balozi bado ni balozi. Akaniuliza hii ni gari au ni nyumba. Nikasema kwa majivuno kwamba ni nyumba. Unalala humo? Nalala. Unapika humo? Napika.

Akafungua daftari akaandika. Kumbe katika nyumba zake kumi moja ilikuwa imeangushwa na mvua, wenyewe wamehamia kwa ndugu, na yeye alikuwa anaona vibaya kuitwa balozi wa nyumba kumi huku anazo tisa. Sasa zilikuwa kumi. Nilicheka, naye akacheka, nikadhani tumetaniana.

Asubuhi nikagongewa. Mzee Kasto na jembe la ziada. Ilikuwa siku ya msaragambo, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuzibua mtaro wa barabara, na nyumba ya kumi lazima itoe mtu. Nilijaribu kusema mimi ni msafiri. Akanitazama kwa huruma, akasema jana nilikiri mwenyewe. Basi nikachimba mpaka saa saba, nikala ugali wa ulezi na maharage pamoja na majirani zangu wapya, na nasema kweli, sijala chakula kitamu namna ile tangu Mama Neema aondoke.

Nilipanga kuondoka kesho yake. Alfajiri hiyo akafa bibi wa nyumba ya nne. Sasa nyie niambieni, unaanzaje kufunga nyumba kwenye gari ukaikokota mbele ya msiba, na wewe umeandikwa kuwa jirani? Gari langu likaenda kuchukua mbao za jeneza. Karavani ikapewa wanawake waliotoka mbali, wakalala sita humo ndani, na mimi nikalala kwenye gari. Nyumba yenye wafiwa ndani haiondoki mpaka tanga lianuliwe. Ikawa siku nne. Jioni nilikuwa nakaa na wanaume kwenye moto, wanaongea Kifipa taratibu, sielewi, na mtoto wa mtu ananiwekea kikombe mkononi kana kwamba nimezaliwa pale. Mawazo ya Sumbawanga yalinijia nikayaacha yapite. Nilijua barua inaweza kuwa inaningoja. Nilijua pia kwamba kule msibani hakuna anayenikataa.

Siku ya kuondoka Mzee Kasto alinifuta kwenye daftari polepole, akaniandikia barua na muhuri juu yake kwamba nyumba hii inajulikana Laela na mwenyewe ametoa mtu msaragambo. Hapo ndipo ulinzi ulipo, ndugu zangu. Kufuli nilikuwa nayo kubwa, lakini kufuli inamwambia mwizi kuna kitu. Barua ile nilikuwa naionyesha kwa balozi wa kila nilipolala, na mpaka mwisho wa safari sikuibiwa hata kijiko.

Laela mpaka Kasense

Karibu na Mpui barabara ilikuwa imegeuka uji. Pini ya kiungo, ambayo niliichonga mwenyewe nikaisifia mbele yenu, ilikatika, gari likaenda mbele hatua moja na nyumba ikabaki katikati ya tope. Mnyororo wa akiba uliishika isibingirike, kwa hiyo msisafiri bila mnyororo, na mfunge miwili ikipishana chini ya kiungo. Pini nyingine nilikuwa nayo, lakini nyumba ilikuwa imezama mpaka ekseli.

Akatokea Msukuma mmoja na ng'ombe wake wa kukokota, jozi tatu. Jina lake Masanja, ametoka Shinyanga miaka mingi na familia na mifugo wakitafuta malisho, mpaka wakafika huku. Alizunguka karavani mara mbili akiigonga na fimbo. Kisha akaniambia nizime gari kwa sababu kelele inawachanganya ng'ombe. Nikazima. Akafunga kamba, akawasemesha kwa sauti ndogo tu, na nyumba ikaanza kutoka topeni bila haraka yoyote, huku mimi nimesimama kando natazama mapazia yangu yakipita.

Hakutaka malipo, alitaka kuona ndani. Nikamwonyesha kitanda, meza, karai lenye tundu la kumwagia maji. Akauliza naenda wapi, nami nikamweleza mambo yote, hata lile neno la mwezi wa sita. Sijui kwa nini mtu humwambia mgeni asiyomwambia mchungaji wake. Masanja alifikiri, akasema, "Sisi tulihama na mke na ng'ombe. Nyumba tuliiacha hukohuko." Nilimpa soda ya moto akainywa yote kwa mara moja.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na hapa msinitetee. Jumatatu mchana nilifika Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Ungeweza kuyaona mabati ya mjini yakiwaka jua likitoka. Kwenda Chanji kwa Mwaisaka ni mwendo wa nusu saa tu. Sikwenda. Niliegesha kando ya shamba la mahindi la mtu mmoja mkarimu, nikamwambia nataka kutia girisi kwenye beringi. Beringi zilikuwa nzima. Nikatia girisi. Jumanne nikazifungua nikatia tena. Watu wa Kasense walikuja kupiga hodi na kukaa kwangu, kina mama wakaniletea mahindi mabichi, tukachoma, mvua ikanyesha juu ya bati letu dogo na mimi nikatamani isikatike. Maadamu sijafika kwa Mwaisaka, mke wangu alikuwa bado hajanikataa. Nilikuwa naogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Mtu mzima na mvi zangu, naogopa bahasha.

Sumbawanga

Jumatano asubuhi nikaingia mjini. Nyumba niliiacha Kasense kwa mwenye shamba, nikaenda na gari tupu. Mwaisaka nilimkuta anafunga mlango aende kazini. Aliponiona hakufurahi. Alisema tangu Jumatatu watu wa sokoni wamemwambia nyumba ya Mnyakyusa imeonekana Kasense. Alichinja kuku Jumatatu, hakuniona. Jumanne hakuniona. Akajua nimepita kimya kimya bila hata kumsalimia, na kweli moyo wake ulimuuma.

Nikamuuliza kama kuna barua. Akasema ilikuwepo, ilifika tangu Jumamosi, jina langu juu, na nyuma imeandikwa Skolastika, Kabwe. Ndilo jina la mke wangu. Nikasema nipe. Akasema hana. Jana jioni, kwa kuwa barua ya mtu haikai ndani ya nyumba ya mtu, alimpa dereva wa lori la kwenda Namanyere, akamwambia fanya haraka, utaikuta njiani nyumba nyeupe inatambaa, mpe mwenyewe mkononi.

Tulitazamana. Nyie mnamjua Mwaisaka, hana baya lolote. Alikuwa amenihurumia na kunikasirikia kwa wakati mmoja, akafanya ambalo kila mtu wa kule angefanya, kuisogeza barua mbele mahali ninapoelekea. Laiti ningetia girisi mara moja tu.

Akanishauri niache nyumba kwake, nipande lori la mchana, na kesho yake ningekuwa Namanyere au hata Kabwe. Ulikuwa ushauri mzuri. Nilimwambia haiwezekani, kwa sababu nikifika Kabwe nitalala wapi? Akasema kuna mtu aliyewahi kukosa pa kulala Kabwe? Nikamwambia yeye haelewi mambo ya wakwe. Nikarudi Kasense nikaifunga nyumba, nikawaaga, nikaanza kuifukuza barua yangu kwa mwendo wa ng'ombe.

Kwa hiyo, kuhusu barua, ushauri wangu ni huu. Usimwambie mtu siku utakayofika. Mwambie aikalie barua hata mwaka mzima, asimpe dereva, asimpe shemasi, asimpe mtu yeyote mwenye moyo mwema.

Sumbawanga mpaka Namanyere

Kutoka Sumbawanga kwenda Chala nchi inapanda na kushuka taratibu, na matuta ya watu yamefunikwa maharage mpaka macho yanapoishia. Kila nilipopita niliuliza kama kuna lori lililomtafuta mwenye nyumba. Ndiyo, lilipita jana, dereva aliuliza. Mwingine akasema lilipita juzi. Mtoto mmoja akasema limepita sasa hivi, akanionyesha vumbi, na hapakuwa na vumbi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Niliendesha nikiwa kama mtu anayeota kwamba anakimbia na miguu haigusi chini. Wakati mwingine nilikuwa naongea na Mama Neema kwa sauti, namweleza kuhusu Mzee Kasto, na nilikuwa nasikia kabisa anavyoguna.

Namanyere nilielekezwa duka la mama mmoja anayeitwa Mama Deo, ndiko barua za wapita njia zinakoachwa. Alikuwa amezining'iniza kwenye kamba juu ya kaunta kwa vibanio vya nguo, kumi na kitu, na nilizisoma zote kwa macho kabla hata ya kusalimia. Yangu haikuwepo. Mama Deo akasema, ile ya Skola? Dereva aliniachia, hakukuona njiani. Mimi nimekungoja siku nzima. Nikageuza nyuma nikaona jina la Skola, huyu mimi namfahamu, namuuzia sabuni. Asubuhi hii lori la dagaa lilikuwa linateremka Kabwe, nikasema kuliko ipotee, imrudie mwenyewe.

Alisema vile kwa upole na fahari, akanikaribisha chai. Nikakaa kwenye gunia la chumvi, chai ikapoa mkononi. Nilikuwa nimekwisha kuona itakavyokuwa. Mama Neema alikuwa ameniandikia, baada ya miezi minane, na leo jioni atakabidhiwa bahasha yake mwenyewe, haijafunguliwa. Atasema nini huyo mwanamke? Atasema nimemrudishia. Atasema hata kuisoma sikutaka. Kama mle ndani kulikuwa na njoo, sasa itakuwa imekufa, na kama kulikuwa na usije, itakuwa imepata nguvu.

Niliandika kwamba nisipopata jibu nitageuza, na pale Namanyere pana uwanja mpana wa kugeuzia. Nilisimama nikautazama. Kisha nikakagua kiungo na minyororo nikaelekea ziwani.

Namanyere mpaka Kabwe

Mteremko ule mtauheshimu. Gia ndogo toka juu, kabla hujaanza kushuka, si katikati. Nyuma ya karavani nilifunga gogo zito la kuburuta, ujanja wa wazee wa malori ya zamani, na bila gogo lile leo mngekuwa mnanisimulia nyie. Nyumba ilinisukuma mgongoni njia nzima. Nilinusa breki, nikasimama mara tano kuzipoza, na kila nikisimama joto la bondeni lilikuwa limeongezeka na ziwa limekuwa kubwa zaidi katikati ya miti, bluu tupu, bila mwisho. Nililala njiani na kuamka mapema. Miembe, migazi ya mawese, harufu ya samaki. Baridi ya Ufipa ilikuwa imebaki juu pamoja na watu walionijua.

Niliingia Kabwe kama saa nne asubuhi. Watoto walikimbia mbele wakipiga kelele kwamba nyumba imekuja. Mama Neema alikuwa nje ya ua wa mama yake anageuza dagaa juani kwa fito. Alikuwa amekonda. Aliitazama nyumba kwanza, kisha gogo, kisha mimi. Hakuja mbio, hakuingia ndani. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa bahasha kiunoni. Ilikuwa imechakaa pembeni kwa kushikwa na watu wema wote wale, na ilikuwa haijafunguliwa.

"Umenirudishia barua yangu," alisema.

Nikamwambia sijawahi kuigusa. Nikaeleza, na nilieleza vibaya, nikachanganya Laela na Mpui, msiba na ng'ombe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kasense siku mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa jibu lako."

"Uliandika usipopata jibu utageuza."

"Niliandika."

"Na hukupata."

"Sikupata. Nimeshindwa kugeuza, Mama Neema. Lile neno nililokwambia nyumbani lilikuwa la kijinga, na nimeliburuta mpaka hapa. Nisamehe."

Dagaa walinuka juani na watoto walikuwa wameshaanza kupanda kwenye gogo. Kisha akaninyooshea bahasha.

"Soma. Kwa sauti, mama yuko ndani anasikia."

Niliifungua kwa pupa mpaka nikachana na kona ya karatasi. Ilikuwa mistari michache, mwandiko wake ule wa kuinama. Nikasoma:

"Baba Neema, barua yako nimeipata. Hiyo nyumba iache hapohapo kwa Mwaisaka, panda gari la kwanza uje. Mama anasema amezeeka na aibu ya mkwe hana nguvu nayo tena, utalala chumba cha mbele kama mwanawe. Kila siku anakuulizia. Mimi pia nakuulizia, lakini simwambii."

Mstari wa mwisho sikuusoma vizuri. Nilirudia kuusoma kimoyomoyo. Mama Neema alikuwa ameinama anageuza dagaa ambao walikuwa wameshageuzwa.

Ndani ya nyumba sauti ya kizee ikauliza, "Amekuja?"

"Amekuja, mama."

"Na nyumba?"

"Na nyumba."

Yule mama akacheka. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema nyumba ibaki hukohuko nje, mtu aingie. Nikainama mlangoni, nikaingia, nikapiga magoti kwenye mkeka nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono, akanipapasa paji, pua, mashavu. "Kumbe una ndevu," alisema. Nikamwambia ninazo, mama. Neno mama lilinitoka lenyewe.

Mnauliza karavani iko wapi. Iko Kabwe, wanawake wa dagaa wanahifadhia mizigo yao, balozi wa pale ameiandika. Mimi sikulala humo hata siku moja. Nililala chumba cha mbele kuanzia mwezi wa pili mpaka wa sita, ukuta mmoja na mama mkwe, nikimsikia anavyopumua, nikimbeba asubuhi kumtoa nje juani na kumrudisha ndani jua likiwa kali. Mchele wa Kyela alikula kidogo kidogo, anasema unanukia. Siku mama mkwe alipotuacha, Mama Neema alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilikuwa peke yangu naye, nimemshika mkono, na aliponiita mwanangu niliitika.